Sura ya Tano: Kabla ya Godoro, Gurudumu

Swali huwa lile lile, liulizwe na mwalimu aliyestaafu, mfanyabiashara wa sokoni au kijana aliyeanza kazi juzi: nimepata trela dogo la kulala, nianze kulirekebisha wapi? Pengine amelinunua kwa mgeni anayerudi kwao. Pengine fundi wa jua kali amemchomelea kutoka mabaki ya pikapu. Lina kitanda cha mbao, dirisha moja na mlango unaogonga njia nzima. Akilini mwenyewe ameshapanga friji, taa za kupendeza, feni na paneli ya sola juu ya paa. Mfukoni ana pesa za kitu kimoja au viwili.

Jibu langu huwaudhi wengi. Anza chini, penye magurudumu, springi na mkono wa kukokotea. Ukimaliza huko, ziba vumbi na punguza joto. Umeme uje baadaye, na urembo uje mwisho kabisa. Sura hii inafuata mpangilio huo, na nitaeleza sababu ya kila hatua.

Kwa "trela dogo la kulala" nakusudia kijumba chenye ekseli moja, yaani chuma kimoja kirefu kinachobeba magurudumu mawili, kinachokokotwa na gari la kawaida au pikapu, na ambacho watu wawili wanaweza kulala ndani. Siongelei matrela ya malori, wala yale mabasi ya kifahari yenye bafu na sebule.

Kwa nini Emali

Mifano mingi humu nimeiweka Emali kwa sababu mji huo unakusanya kila kitu kinachoweza kulitesa trela, pamoja na kila mtu anayeweza kulitengeneza. Uko kama kilomita 125 kutoka Nairobi kwenye barabara ya Mombasa, mpakani mwa kaunti za Makueni na Kajiado. Hapo ndipo barabara ya Oloitokitok inapochepuka kuelekea Kimana, Amboseli na miguu ya Kilimanjaro. Asiyechepuka anaendelea hadi Makindu, Kibwezi, vilima vya Chyulu, kisha Tsavo. Malori ya Mombasa hupita usiku na mchana, na upepo wake unasukuma kila kitu chepesi. Jua ni kali karibu mwaka mzima. Ukiacha lami tu, vumbi linakupokea.

Lakini mji wenye soko la mifugo na malori yanayolala kando ya barabara haukosi mafundi. Kuna wa kuchomelea, wa kuziba pancha, wa waya za magari, na maduka yanayouza bolti, grisi, mabati na plaiwudi. Kazi nyingi za sura hii unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani. Chache ni za fundi tu, na nitazitaja.

Wanaohitaji trela la namna hii ni wengi kuliko watalii. Kuna muuza nguo anayezunguka masoko ya Emali, Sultan Hamud na Kibwezi na kulala humo humo na mali yake. Kuna msimamizi wa kazi za ujenzi anayekaa wiki mbili mahali pasipo na nyumba ya kupanga. Kuna familia inayorudi ushago mwezi wa Desemba na kukuta vitanda vimejaa binamu.

Wala kujitengenezea si dalili ya umaskini. Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa matrela yanayong'aa ya Airstream, alianza kwa kuuza ramani za kumwezesha mtu kujitengenezea trela nyumbani, kabla hajafungua kiwanda mwaka 1931. Kati ya 1959 na 1960 aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na njia yao ilipita Afrika Mashariki. Matrela hayo yalikuwa mazuri ajabu kwa ndani. Kilichowachosha wasafiri kilikuwa barabara mbovu na vyuma vilivyovunjika huko chini.

Uzito: hesabu inayotangulia zote

Kila unachoongeza kina kilo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mitungi mitatu ya lita 20 ni kilo 60 kabla hujahesabu plastiki yake. Plaiwudi nzima ya milimita 12 inakaribia kilo 20. Betri ya kawaida ya asidi yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina kilo 25 hadi 30. Kabati la plaiwudi, tangi la maji, betri na godoro zito vinaweza kuongeza kilo 150 bila mwenye trela kugundua, na zote zinabebwa na ekseli ambayo pengine ilitoka kwenye gari dogo.

Uzito wa jumla ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni mahali uzito ulipokaa. Aliyewahi kupakia mkokoteni wa punda analijua jambo hili vizuri kuliko injinia. Mitungi ya maji ikirundikwa nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na punda anashindwa kuudhibiti. Ikirundikwa mbele sana, punda analemewa mgongo. Trela ni vivyo hivyo, ila linakwenda kilomita 80 kwa saa.

Uzito unaokalia gari pale trela linapounganishwa nalo tuuite uzito wa kichwa. Wamarekani hushauri uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Waingereza, kwa matrela yao mepesi ya kulala, huridhika na asilimia 5 hadi 7. Kwa barabara zetu ningekaa karibu na 10. Trela la kilo 600 basi liweke kama kilo 60 kwenye gari. Soma pia kitabu cha gari lako au kibandiko cha mkono wa kukokotea, maana nacho kina kikomo chake.

Huhitaji kifaa maalumu kuupima. Duka lolote la nafaka Emali lina mizani ya chini inayopima gunia zima la mahindi la kilo 90. Ongea na mwenye duka siku isiyo ya soko, kisha fanya hivi:

1. Pakia trela kama unavyosafiri: maji, gesi, matandiko, vyombo.
2. Liweke mahali tambarare na uzibe magurudumu kwa mawe mbele na nyuma.
3. Weka kipande cha mbao imara juu ya mizani, kisha ushushe kichwa cha trela juu ya hicho kipande, kikae kwenye kimo kile kile kinachokuwa nacho kikiunganishwa na gari.
4. Soma kilo. Zikizidi, sogeza mizigo nyuma kidogo. Zikipungua, ilete mbele.

Ukiwa na namba hiyo, mpangilio wa ndani unajichora wenyewe. Vitu vizito, hasa tangi la maji na betri, vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na vikae sakafuni. Vyepesi kama matandiko na nguo vikae juu. Nyuma kabisa pasiwe na kitu kizito. Naona watu wanafunga gurudumu la spea na mitungi miwili nyuma ya trela kwa sababu inapendeza machoni. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Trela lenye kichwa chepesi hutikisa mkia. Lori linapolipita linayumba kushoto, halafu kulia, kila mara zaidi, na mwisho linasukuma nyuma ya gari. Likikuanzia, usikanyage breki ghafla wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo ushuke wenyewe. Kisha egesha mahali salama na uhamishe mizigo. Usiseme utafanya hivyo ukifika.

Jambo moja la breki. Ulaya, trela lisilozidi kilo 750 laweza kukokotwa bila breki zake lenyewe. Nakuomba uchukue kiwango hicho kama ukuta. Trela lako likikaribia hapo, ama punguza mizigo ama umlipe fundi anayejua breki za trela azifunge. Gari dogo linaloshuka mlima likisukumwa na kilo 800 zisizo na breki ni hatari kwa watu wengi, hata wale wasiokujua.

Beringi, springi na tairi

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya grisi, kwa sababu gharama yake ni ndogo na huokoa safari nzima. Beringi ni vile vyuma vidogo vilivyopangwa duara ndani ya kitovu cha gurudumu, kile mafundi wanachokiita habu, vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusagana na ekseli. Trela lililokaa mwaka mzima chini ya mwembe lina grisi iliyokauka au iliyoingia maji. Linatoka nyumbani vizuri, na beringi inakwama katikati ya pori.

Inua upande mmoja kwa jeki, uweke kigingi imara chini ya chasi, na uzibe gurudumu la pili kwa mawe. Zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Likikwaruza, kuna kazi. Lishike juu na chini, ulitikise kuja kwako na kwenda; likicheza, beringi imelegea au imeisha. Sasa toa gurudumu, kofia ya vumbi, pini na nati ya katikati, uvute habu pole pole huku kidole gumba kikiizuia beringi ya nje isidondoke mchangani. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha geuza beringi kwenye mwanga. Chuma kinachong'aa sawasawa ni kizima. Chenye vishimo, au kilichogeuka rangi ya samawati kwa joto, tupa.

Kutia grisi si kupaka. Weka donge la grisi kwenye kiganja, shika beringi kwa mkono wa pili, na ubonyeze ukingo wake kwenye donge mara nyingi mpaka grisi itokeze upande wa juu, kati ya vile vyuma. Zungusha kidogo, rudia, mpaka umalize duara zima. Usichanganye grisi mpya na ya zamani. Weka sili mpya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia maji na vumbi. Rudisha habu, kaza nati huku unazungusha, kisha ilegeze kidogo tu ili gurudumu lizunguke bila kubana na bila kucheza. Pini iwe mpya kila mara. Bei yake ni ya peremende, na ndiyo inayolizuia gurudumu lisiondoke.

Springi zina kosa moja linalorudiwa sana nchini: bapa la springi likivunjika, linachomelewa. Usikubali. Chuma cha springi kimepewa ugumu na unyumbufu wake kwa joto la kipimo maalumu, na moto wa kuchomelea unauharibu palepale. Kitavunjika tena karibu na kiungo kile kile. Badilisha bapa zima. Ukiwa huko chini, kagua pia bolti zenye umbo la U zinazoishika ekseli, na utafute nyufa kwenye kona za chasi na kwenye mkono wa kukokotea. Nyufa za mkono huo ni kazi ya fundi mzuri wa kuchomelea. Kabla hajawasha mashine, ondoa nyaya za betri, za trela na za gari, na ulitenganishe trela na gari. Akimaliza, piga msasa na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani mahali palipochomwa hapana kinga tena.

Tairi nazo zinazeeka hata zikiwa na meno mapya. Tazama ubavuni mwa tairi, utafute tarakimu nne za mwisho katika maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mitumba zinang'aa kwa nje na umri wake unatisha. Uboreshaji wa maana sana hapa ni kulipa trela rimu na tairi sawa na za gari linalolivuta. Kama unavuta kwa Hilux ya nati sita, tafuta habu za nati sita. Hapo spea moja inahudumia gari na trela, na umepunguza kilo pia.

*Kwa ufupi:* pima kichwa cha trela, weka mizito juu ya ekseli, tia grisi, kataa springi ya kuchomelewa, soma umri wa tairi. Mtu akifanya haya tu na kufunga kitabu, ameshapata faida ya sura hii.

Vumbi linaingiaje?

Watu huziba upande wa mbele kwa sababu ndiko vumbi linakoonekana likitokea. Linaingilia nyuma. Trela linapokata hewa, nyuma yake hubaki eneo lenye hewa nyembamba, na hewa iliyojaa vumbi la magurudumu hukimbilia hapo. Kila ufa wa mlango wa nyuma unaivuta ndani. Ndiyo maana unafika Amboseli ukakuta mto wa kulalia umegeuka rangi ya udongo ingawa madirisha yote ya mbele yalifungwa.

Dawa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuziba. Subiri usiku, mwambie mtu azunguke nje na tochi kali akimulika kila kiungo, nawe ukae ndani gizani. Popote utakapoona mwanga, vumbi linapita, na mvua pia. Weka alama kwa chaki. Milango na madirisha yapate mpira laini wenye tundu katikati, ule unaouzwa kwa mita kwa ajili ya milango ya magari. Viungo visivyofunguka vipate gundi ya kuziba. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo kwangua ile ya kale yote na usafishe kwa spiriti kwanza. Kwa misumari ya paa, utepe wa butili unaonata kama lami laini hudumu kuliko silikoni kwenye jua letu.

Sehemu ya pili wengi hawaijui, nayo ndiyo inayoleta tofauti kubwa. Fungua tundu dogo juu mbele ya trela, lenye kifuniko kinachotazama mbele na chujio la sifongo ndani. Ukiwa njiani, upepo unaingia hapo, unachujwa, na kuijaza ndani hewa yenye msukumo kidogo kuliko ya nje. Sasa kwenye ufa uliobaki hewa inatoka badala ya kuingia. Kata tundu hilo juu kabisa, kwani huko hewa ina vumbi kidogo. Chujio lioshwe kila ukifika. Mvua ikianza, funga.

Kama unaweza kuchagua wakati, fanya kazi za paa na viungo Agosti au Septemba. Mvua za Ukambani zinazotegemewa zaidi huanza Oktoba na kushika Novemba, na gundi inahitaji kukaukia mahali pakavu.

Joto la saa tisa

Trela la mabati lililoegeshwa Emali mchana ni tanuri. Kabla ya kununua feni, zuia joto lisiingie, kwa sababu feni husukuma tu hewa iliyokuwa humo.

Rangi nyeupe ya paa ndiyo hatua ya bei nafuu. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, huku bati lililochakaa au lenye rangi nzito likiumeza. Hatua ya pili ni paa juu ya paa: funga vipande vyembamba vya bomba la mraba juu ya paa la sasa, kisha bati jepesi juu yake, ukiacha nafasi ya sentimita tatu hadi tano iliyo wazi mbele na nyuma. Jua linachoma bati la juu, upepo unapita katikati, na paa la chini linabaki kivulini. Paneli ya sola iliyoinuliwa kwa vibanio hufanya kazi ile ile mahali ilipo, na yenyewe inapoa, jambo linaloiongezea nguvu.

Ndani, karatasi ngumu za povu za milimita 25 zinatosha kwa kuta na dari. Zibandike kati ya fremu na uzifunike kwa plaiwudi nyembamba. Usiziache wazi kamwe. Povu hilo hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi zote za kuchomelea ziishe kabla povu halijaingia.

Mwisho, hewa. Hewa moto hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu na la kuingilia liwe chini upande wenye kivuli, yote mawili yakiwa na wavu wa mbu. Dirisha moja kubwa halifanyi kazi ya matundu mawili yaliyopangwa vizuri.

Umeme: friji ndiyo inayoamua

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa kuwa watu wananunua kabla ya kuhesabu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Wati ni kasi ambayo kifaa kinakula umeme. Zidisha wati kwa saa za matumizi, unapata wati-saa, yaani kiasi kilicholiwa. Tuchukue siku moja:

- Taa mbili za LED za wati 5, saa nne: 40
- Simu tatu: kama 45
- Feni ndogo ya wati 15, saa sita: 90

Jumla ni 175. Sasa ongeza friji ndogo ya volti 12 inayokula wati 45 mota inapozunguka. Katika joto la Emali mota hiyo yaweza kuzunguka saa 10 kwa siku: 450. Jumla inaruka hadi 625.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Ikiwa ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu kama unataka iishi, kwa hiyo una 600. Bila friji, hizo ni siku tatu hata mawingu yakitanda. Ukiwa na friji, siku moja haiishi. Upande wa jua tuna bahati: chukua saa tano za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 100 ingetoa 500, lakini toa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, ubaki na kama 350. Asiye na friji anatosheka na paneli moja na anabaki na akiba. Mwenye friji anahitaji mbili, na betri kubwa zaidi au ya lithiamu. Ya lithiamu ni ghali, ila kwa ampea-saa zile zile uzito wake ni chini ya nusu, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya umeme wake bila kuiumiza.

Ushauri wangu ni kuanza bila friji. Sanduku zuri la barafu na samaki au nyama iliyogandishwa nyumbani litakuvusha siku mbili, na kwa tofauti ya bei utakuwa umeshalipia tairi.

Katika kuunganisha, sheria moja haina msamaha: fyuzi ikae karibu na betri, kwenye waya wa chanya, kabla ya kitu kingine chochote. Waya ukichubuka na kugusa chasi bila fyuzi, betri itamwaga nguvu zake zote hapo na plaiwudi itawaka. Waya wa volti 12 uwe mnene kuliko ulivyozoea nyumbani, kwani kifaa cha wati 120 kinavuta ampea 10 kwenye volti 12, na kwenye volti 240 kinavuta nusu ampea tu. Usiache kidhibiti cha chaji, kile kisanduku kati ya paneli na betri. Paneli iliyofungwa moja kwa moja huichemsha betri.

Maji na moto

Emali hupata maji ya bomba la Nolturesh, yanayotoka chemchemi za upande wa Kilimanjaro, lakini mifereji hukauka na visima vingi vya eneo hili vina chumvi. Jaza pale unapoyaamini. Mtungi wa lita 20 wenye bomba dogo la kusukuma kwa mguu ni bora kuliko tangi la kudumu: unaubeba hadi mferejini, unauosha ndani, na unauona umebaki na kiasi gani.

Kwa gesi, kumbuka ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inajaa sakafuni, pale ulipolaza watoto. Mtungi ukae nje, au kwenye kabati lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu la chini linalotoka nje. Tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe kwa kiberiti. Na jiko la makaa lisiingie ndani ya trela, hata likionekana limezima, hata usiku wa baridi ya Julai. Moshi wake usioonekana wala kunusika huua watu wakiwa usingizini, na kuziba kwako vumbi kumeufanya uue haraka zaidi.

Namba, taa na safari ya majaribio

Trela nchini Kenya husajiliwa peke yake na lina namba yake inayoanza na herufi Z, tofauti na ya gari. Ukinunua, daftari la usajili liwe la trela lenyewe, na namba ya chasi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Trela la jua kali lisilo na karatasi halijakamilika, hata likiwa na friji. Uliza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utaratibu wa ukaguzi kabla ya kulipaka rangi, na umuulize wa bima kama bima ya gari inalifuata trela.

Taa za breki, za kugeukia na za nyuma zifanye kazi kila mara. Zikigoma, anza kwa kukagua waya wa kurudisha umeme kwenye chasi, pale ulipofungwa kwenye rangi au kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza tena. Ongeza vibandiko vyekundu vya kuakisi nyuma na vya njano ubavuni, kwa sababu trela lililoharibika usiku kwenye barabara ya Mombasa linapaswa kuonekana na dereva wa lori aliyechoka.

Lala humo usiku mmoja nyumbani kwanza. Kisha toka Emali asubuhi mpaka Makindu, hadi pale kwenye hekalu la Makalasinga ambapo wasafiri wengi hupumzika. Ukiegesha tu, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma, huenda nati ya beringi imekazwa mno au beringi imeharibika; ikague kabla ya kurudi. Kaza nati za magurudumu hapo, na tena baada ya kilomita 100, kwa maana rimu iliyotolewa hukaa mahali pake polepole. Fungua mlango wa nyuma uangalie shuka. Vumbi likiwa limechora mstari, fuata mstari huo hadi kwenye ufa wake, na uuzibe kabla hujachepuka kwenda Kimana.